Gia Nne za Kurudi Nyuma, Moja ya Kwenda Mbele

Video mmeiona wote, kwa hiyo sina cha kuficha. Ni kweli: mimi niliyewafundisha nusu yenu kushika spana nilitengeneza gari lenye gia nne za kurudi nyuma na gia moja ya kwenda mbele. Halikuharibika njiani. Nililitengeneza hivyo kwa mikono yangu miwili, nikakaza kila nati, nikafuta mafuta kwa kitambaa safi, kisha nikasema, "Mwalimu, panda." Yusta, mchomeleaji wetu, ndiye aliyepiga ile video. Anasema sehemu anayoipenda zaidi ni pale ninapopiga makofi sekunde mbili kabla gari halijaondoka. Mimi nikifika hapo hufumba macho.

Sasa nimestaafu. Magoti yaliomba ruhusa kabla yangu, nami nikayafuata. Mke wangu, Mama Neema, anasema heri niandike kuliko kumfuata jikoni nikimwelekeza namna ya kupanga kuni, kazi aliyoifanya miaka thelathini bila mshauri. Basi nawaandikia ninyi mliobaki pale gereji ya Nangara. Habari za nani alipandishwa cheo lini waulizeni wanaopenda mambo hayo. Mimi nitasema nilichokishika kwa mkono.

Siku ya kwanza nilifika gereji nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mama yangu aliamini mtu aliyesoma huenda kazini na shati jeupe. Fundi Bura, aliyekuwa mkubwa wa gereji, alinitazama kuanzia kola hadi viatu wala hakucheka. Alinipa giaboksi ya lori iliyoganda matope, brashi, na dumu la mafuta ya taa.

"Osha," akasema. "Ukimaliza nitajua kama shati ni lako au la kuazima."

Lilikuwa la mjomba. Hadi leo mjomba akiniona huniangalia kifuani kabla ya kuitikia shikamoo.

Fundi Bura alikuwa mfupi, mnyamavu, na Kiswahili chake kilipita kwenye Kigorowa, lugha ya kwao, kwanza kabla ya kutufikia, kwa hiyo alichagua maneno machache yasichoke njiani. Mambo mawili aliyonifundisha yamenilisha maisha yangu yote. La kwanza mnalijua. Kila bolti aliyoifungua aliichomeka kwenye kipande cha boksi la karatasi, kwa mpangilio uleule bolti hizo zilivyokaa kwenye injini, ili wakati wa kufunga asiwe na haja ya kukumbuka. La pili ni kuzungusha kwa mkono. Kabla ya kutia oili, kabla ya kufunga betri, unaingiza gia, unashika puli ya injini, lile gurudumu la mkanda, unaizungusha taratibu, na mwenzako anaangalia tairi linakwenda upande gani na kama kuna kinachogusa.

"Injini ikishawaka ina haraka," alisema. "Hutaona kitu. Mkono wako hauna haraka."

Hilo la pili niliwaimbia ninyi mpaka Yusta akawa anaigiza sauti yangu wakati wa chai. Likumbukeni, maana ndilo lililonivua nguo.

Kesi ngumu zilikuwepo nyingi. Iliyonikaa moyoni ni ya lori la mbaazi lililokuwa likizimika kila likifika Bonga. Ukilisukuma pembeni, ukafungua hiki na kile, linawaka na kuendelea. Tulibadilisha plagi, tukasafisha karbureta, tukabadilisha pampu ya mafuta. Likafika Bonga, likazimika. Siku ya tatu Fundi Bura alikaa chini karibu na tangi, akamwambia dereva afungue kifuniko polepole. Sote tukasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyetoka majini. Dereva alikuwa amechoka mafuta kumwagika kwenye kona, akakiziba kile kitundu cha hewa cha kifuniko kwa nta ya asali. Tangi likawa halipati hewa, mafuta yakagoma kutoka. Fundi Bura aliichokoa nta kwa mwiba, akamrudishia dereva kifuniko, akaenda kunawa mikono. Hakusema neno hata moja. Mimi ningehutubia kwa saa nzima.

Mnanitania kwamba sikuwahi kwenda kozi. Nilipangiwa moja Dar es Salaam. Nikaumwa tumbo asubuhi ya safari na nikapona basi lilipoondoka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Arusha nimekwenda kufuata vipuri mara ambazo vidole vinatosha kuhesabu, na kila mara nilirudi siku ileile. Nikilala nje ya Babati naota niko Babati, sasa faida ya safari ni nini? Kwa hiyo elimu yangu yote ilinifuata hapahapa, ikiingia gereji ikivutwa kwa kamba.

Isipokuwa gari la Mwalimu: hilo nililifuata mimi, uani kwake.

Mwalimu Margwe wa Bagara mnamfahamu. Alinifundisha jiografia kidato cha pili, na alama nilizopata tunazijua mimi na yeye. Ana gari dogo la zamani la michezo, la viti viwili, lisilo na paa, lenye boneti ndefu kuliko gari lenyewe. Aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa na shamba bonde la Kiru, ambaye Mwalimu alimfundishia watoto wake Kiswahili. Mwalimu alikwenda kazini kwa baiskeli mpaka anastaafu. Gari lile aliliendesha mwaka mmoja tu, kisha likaingia kwenye kalavati wakati wa mvua, fremu ya mbele ikapasuka na injini ikafa. Tangu hapo lilikaa uani. Lakini kila jioni Mwalimu aliketi humo, mlango umefungwa, akisahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya usukani. Nyumba ilikuwa na watoto sita. Gari lilikuwa chumba chake.

Alinifuata mwaka jana mwezi wa kumi na moja, kofia mkononi.

"Nina shida, na imenipita kimo," akasema.

Shida yenyewe ilikuwa Mama Paskalina, mke wake, na Mama Paskalina alikuwa na haki. Mahindi yao yalikuwa yakilala sebuleni kila mwaka, panya wakapata ukoo humo. Alitaka ghala, na uani hapakuwa na nafasi ila pale lilipokaa gari. Alinieleza mwenyewe nilipokwenda kulitazama.

"Baba Neema, mimi sina ugomvi na chuma. Likitoka hapa kwa nguvu zake kabla hatujavuna, atafute pa kuliegesha, nami nitampigia vigelegele. Lisipotoka, nawaita wanunuzi wa chuma chakavu walikate vipande. Matofali yangu nimeshayaleta."

Kweli yalikuwepo, yamepangwa vizuri, hatua tano nyuma ya bampa.

Nikalala chini ya gari na tochi. Fremu ya nyuma ilikuwa nzima kabisa. Ya mbele, pale injini inapokaa, ilikuwa imepasuka pande zote mbili na kutu imekula. Yusta akagonga kwa nyundo, likaanguka pande kama ugali mkavu.

"Hapa naweza kuchomelea ibebe taa na redieta tupu," akasema. "Injini haibebeki. Mkikutana na tuta la kwanza, injini inabaki Bagara na nyie mnaendelea."

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi, "Na ikikaa mahali pengine?"

Nami nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, maana nyuma ya viti palikuwa na nafasi tupu ya kuwekea mizigo, chuma chake kizima, na karibu kabisa na tairi za nyuma. Injini ingeweza kukaa hapo, katikati ya gari, mgongoni mwa dereva. Nikasema inawezekana. Nilisema hivyo mbele ya Mama Paskalina, kwa hiyo nikawa nimefungwa.

Injini yenyewe tuliipata Dareda, kwa mzee Gwandu, ndani ya kile kigari cha Kijerumani cha mgongo wa kobe. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Nilikitaka kwa sababu injini na giaboksi yake vimeshikana, unavitoa kama mzigo mmoja, na injini inapozwa kwa upepo, haihitaji redieta. Mzee Gwandu hakutaka kitu ila nimtengenezee mashine yake ya kupukuchulia mahindi. Nikamtengenezea siku moja. Kuku walitupigia kelele mpaka barabarani.

Basi tukaanza, palepale uani. Nawaandikia kwa urefu kidogo kwa sababu sidhani kama mtaiona kazi ya namna hii tena, na mkiiona, kimbieni.

Kwanza tulikata sakafu nyuma ya viti, Yusta akajenga kitanda cha chuma cha chaneli kuunganisha fremu ya kushoto na ya kulia. Alipima mara tatu na kuniamuru nishike futi kimya. Kisha tukashusha mzigo wa injini kwa winchi ya cheni. Waya wa klachi tulipata mrefu. Fimbo ya gia ndiyo iliyotutesa, maana sasa ilitakiwa iipite injini nzima ndipo ifike kwenye giaboksi. Tulitengeneza kwa bomba la maji la nusu inchi, kona nne, na kila kona ikaongeza ulegevu wake, hata kuingiza gia ya pili kukawa kama kutafuta funguo ndani ya mkoba wa mama mkwe.

Halafu mbele. Injini ilipoondoka, springi za mbele zilifurahi kutua mzigo, zikainuka, na gari likawa limenyanyua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Usukani ungekuwa unaelea hivyo. Tukafupisha springi, tukapeleka tangi la mafuta kule mbele, betri nayo, tairi la akiba nalo, mpaka pua ikashuka. Pembeni nyuma ya milango Yusta alikata matundu ya kuingiza upepo. Mwalimu alitutokea kila siku na chupa ya chai. Hakuuliza itakwisha lini. Aliniuliza tu jina la kila kifaa, akaandika kwenye daftari, na mara mbili alinisahihisha Kiswahili changu.

Mvua za masika zikapita. Mahindi yakaanza kukauka mashambani. Mama Paskalina akawa anatusalimia huku anatazama mashamba.

Ilipofika siku ya mwisho nilikuwa na haraka. Nilikuwa pia na furaha, na furaha ilinidhuru zaidi. Nilitia oili, nikafunga betri, na nilipofika mahali pa kuzungusha kwa mkono nikasikia majirani wameanza kukusanyika, nikajiambia, "Aa, injini hii naijua." Sikuzungusha. Miaka yote niliyowaimbia ninyi, siku moja tu niliyohitaji wimbo wenyewe nikaruka ubeti.

Mwalimu akapanda amevaa tai. Injini ikawaka kwa kishindo kizuri. Nikapiga makofi. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaruka kinyumenyume moja kwa moja ndani ya matofali ya Mama Paskalina.

Vumbi lilipotua, Mwalimu alikuwa bado ameshika usukani, akitazama mbele kwa adabu kama dereva aliye safarini.

Kosa lilikuwa hili. Kwenye kile kigari cha kobe, injini inakaa nyuma ya tairi za nyuma na giaboksi iko mbele yake. Mimi nilitaka injini ikae kati, mbele ya tairi, kwa hiyo niliuzungusha mzigo wote, mbele kukawa nyuma. Giaboksi haikujua kuwa imegeuzwa. Iliendelea kuzungusha tairi upande uleule iliouzoea, na upande huo sasa ulikuwa wa kurudi nyuma. Ndani ya difu, pale nguvu ya injini inapogawiwa tairi za nyuma, kuna gurudumu kubwa la meno, krauni, ambalo ungelihamishia upande wa pili ndipo kila kitu kingekaa sawa. Ningezungusha puli kwa mkono mara moja tu ningeona.

Lakini hapo uani sikusema hayo. Nilisema, "Ni klachi. Inahitaji kurekebishwa kidogo."

Niliona Yusta ananitazama. Tukalisukuma gari kutoka kwenye matofali, nikainama ndani ya mlango nikajaribu gia moja moja. Nne zote nyuma. Nikaingiza rivasi, na gari likajongea mbele, polepole, likilia. Na hapo, wenzangu, shetani alinijia akiwa amevaa ovaroli. Mama Paskalina alisema litoke kwa nguvu zake. Kwa rivasi lingetoka. Lingejikokota hadi getini, ahadi ingetimia, nami ningestaafu Ijumaa jina likiwa safi.

Nikamvuta Yusta pembeni nikamnong'oneza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba Neema," akasema, "shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuamkia kwanza ili nisikukosee heshima kwa ninachotaka kusema. Huyu mzee atakwenda kanisani kwa rivasi mpaka afe? Nenda kamwambie."

Nikaenda. Nimewahi kumwambia mtu kuwa lori lake limekufa katikati ya msimu. Nimewahi kumwambia padri kuwa mafuta ya pikipiki yake yamechanganyiwa maji. Sikuwahi kuona uzito kama ule wa kusimama mbele ya mwalimu wangu wa jiografia na kumwambia kwamba nimechanganya mbele na nyuma.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Kidato cha pili," akasema, "ulichora mto unaopanda mlima."

Kumbe alikuwa anakumbuka.

Tukamgeukia Mama Paskalina sote watatu. Alikuwa anaokota matofali, mazima upande huu, yaliyovunjika upande ule.

"Wavunaji wanaingia shambani Jumatatu," akasema. "Leo ni Jumatano. Jumapili jioni nampigia mtu wa chuma chakavu. Na haya yaliyovunjika, Baba Neema, ni kumi na saba."

Alhamisi tuliitoa injini na giaboksi yake upya. Ijumaa, siku niliyotakiwa kuagwa kwa soda na keki, nilikuwa nimelala chini ya gari na ninyi mkaila keki yangu. Nilifungua difu, nikachomeka kila bolti kwenye kipande cha boksi, nikaihamisha krauni upande wa pili. Nafasi kati ya meno na meno ilitakiwa iwe nyembamba kama ukucha wa mtoto. Ikibana inasaga, ikilegea inagonga. Niliweka vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, nikatoa, nikapunguza, nikaweka tena, Jumamosi yote. Sikumbuki siku niliyofanya kazi vizuri kama ile. Hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa Yusta, na yeye alikuwa ananitazama ili nisikosee tena.

Jumapili baada ya ibada tukaurudisha mzigo wote mahali pake. Kabla ya oili nikamwambia Mwalimu apige magoti kando ya tairi la nyuma na nguo zake za kanisani. Nikaingiza gia ya kwanza. Nikashika puli kwa mikono yote miwili, nikazungusha.

"Linakwenda wapi?" nikauliza.

Mwalimu akainama zaidi, uso karibu na tairi.

"Mwalimu, linakwenda wapi?"

"Mbele," akasema. Kisha akarudia kwa sauti ya darasani, "Linakwenda mbele!"

Mama Paskalina alitoka jikoni aliposikia injini. Gari lilipita mbele yake, likayapita matofali, likatoka getini kwa gia ya kwanza, na barabarani Mwalimu akaipata ya pili katika jaribio la tatu. Mama alisimama mikono kiunoni. Halafu akavua aproni, akaipachika kwenye mlango, akapaza sauti, "Unaniacha?" Mwalimu akasimama. Mama akapanda, na kile kigelegele alichoahidi akakipiga akiwa ndani ya gari, karibu na sikio la mume wake.

Jumatatu wavunaji waliingia shambani, na mafundi wa ghala wakaanza msingi uani. Gari sasa linaegeshwa chini ya turubai kwa mtoto wao. Mwalimu amenikabidhi daftari lake la vifaa, limesahihishwa kwa wino mwekundu.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili hadi kwetu Nakwa kushukuru, wakanipa furushi zima la maandazi ya chai. Mama Neema alizunguka gari akicheka, akaomba apande, akazungushwa hadi barabara kuu na kurudi, nywele zimesimama. Mimi niliketi kwenye kigoda changu mlangoni, nimetulia kama mtu aliyeshiba. Ndipo jirani yangu Mama Doro, aliyekuwa anachambua maharage upande wa pili wa ua, akaacha ungo wake akaja. Alilizunguka gari mara mbili. Akauliza injini iko wapi, nikamwonyesha nyuma ya viti, bado ya moto. Akauliza huku mbele kuna nini, Mwalimu akafungua boneti akamwonyesha tangi, betri na tairi la akiba, vimejaa pomoni. Mama Doro akainama, akachungulia, akainuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Yaani Baba Neema," akasema, "miezi minane mmeitoa injini huku mkaipeleka kule, na bado hakuna pa kuweka hata debe moja la mahindi."